Kisima Kilichorukwa

…na hebu angalia anavyoking'ang'ania hicho chuma cha ukingo, kwa mikono yote miwili, mwanamume mzima wa miaka hamsini na tatu, mchimba visima, anayeshushwa kwa kamba chini ya ardhi urefu wa minara miwili kama huu na wala hajali, leo kapandishwa juu kwa lifti ya vioo na midomo imemkauka, mlango ulipofunguka nikamuuliza, "Kaka Nemat, unaumwa?" akasema, "Siumwi, dada Istat, ila mimi ni mtu wa chini, huku ni kwa njiwa," nikacheka, na sikutaka kucheka, nimekuja nikiwa nimeshaupanga uso wangu, uso wa mwanamke anayekataa kwa heshima, na maneno yangu ninayo tangu juzi, nimeyarudia huku natarizi mpaka yakawa laini, kaka Nemat, wewe ni mtu mwema ila mimi nina mtu wangu, basi, hapo tunashuka, shangazi Robiya ananuna kule kwenye benchi chini ya mnara, dada yake Nemat anakunja kitambaa na mkate ukiwa mzima ndani yake, maana nikishuka na jibu la ndiyo wanaumega palepale na uchumba umefungwa, wameshakubaliana, msichana humegewa mkate nyumbani mbele ya wageni na pilau, mwanamke wa miaka arobaini na mbili kama mimi benchi linamtosha, na nikishuka na hapana kila mtu anakwenda zake, ndivyo nilivyopanga, ilikuwa niyaseme ndani ya lifti, lakini lifti ilikuwa fupi, halafu mlango ukafunguka, upepo ukanipiga usoni, na maneno yote yakanitoka kichwani, kwa sababu… Mungu wangu, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Bukhara ina mwisho.

Ina mwisho, ule pale, nauona kwa macho yangu, nimezaliwa kwenye kichochoro hikihiki cha nyuma ya soko, kila asubuhi nikitoka kukung'uta kitambaa cha chakula mnara huu unanichungulia, na sijawahi kuupanda, kwetu hatuupendi, babu wa babu yangu alikuwa mbeba maji, alijaza kiriba chake kwenye madimbwi ya mawe akazungusha maji nyumba kwa nyumba, halafu wakaja wenye mabomba wakausimamisha mnara huu na tangi juu yake, maji yakaanza kwenda yenyewe, mzee akatundika kiriba ukutani akakaa chini hakuinuka tena, bibi alikuwa anasimulia habari hiyo kama anasimulia msiba, kwa hiyo hata walipoweka lifti na watoto wa kichochoro kizima wakapanda na kurudi wakijigamba, sisi hatukupanda, ni shangazi aliyesema mkutane juu ya mnara, pana upepo, pana watu wa kutosha kuwa heshima na wachache wa kutosha kuongea, dakika ishirini, halafu mshuke na jibu… nisamehe, babu wa babu, lakini ni pazuri, ni pazuri kupita kiasi, moyo unanidunda kama wa msichana, ngome ya maamiri iko chini ya miguu yangu, ukuta ule ambao tangu utotoni nikipita kando yake najiona sisimizi, sasa naona ndani yake, ni vumbi tupu na mbwa mmoja amelala, na kuba za buluu zimefunikwa huku na huku kama mabakuli yaliyooshwa, na ule mnara mkubwa wa matofali, ule wa adhana, bado umetuzidi urefu hata sisi tulio hapa juu, nafurahi, ungekuwa mfupi kuliko mimi ningeona haya, na mapaa, mapaa ya udongo hayana idadi, magodoro yameanikwa, madishi ya televisheni yote yamegeukia upande mmoja, mtu kalala kwenye kitanda chake saa nne ya asubuhi, fulana imepanda tumboni, hajui kama anaonekana na mji mzima, na paa langu… liko wapi paa langu… lile, lenye tangi la buluu, na mfarishi mwekundu wa binti yangu Sitora juu ya kamba, nikinyoosha mkono na subana yangu kidoleni nyumba yote inafichika, na jiko, na ua, na chumba nilichokaa miaka kumi na moja nimeinamia fremu ya kutarizia, maua ya dhahabu kwenye majoho ya mabwana arusi wa watu, yote yameingia chini ya subana, na ninashangaa, sioni uchungu, ninashangaa tu.

"Unauona ule mstari wa njano?" anasema Nemat, anaonyesha kwa kidevu, mkono hauachii chuma, "kule nyuma ya mashamba, baada ya miti. Kazini kwangu kunaanzia pale," na mimi nasema naam, nauona, na nauona kweli, mstari mwembamba kama uzi mmoja wa dhahabu uliolazwa juu ya kitambaa, uzi wa dhahabu haupitishwi ndani ya kitambaa, wanafunzi wangu wapya wanakosea hapo, wanataka kuuchoma na sindano, unalazwa juu na uzi mwingine wa kawaida ndio unaoushikiza kutoka chini bila kuonekana… na barabara hii hapa, inatoka langoni, inapita kando ya kituo cha mabasi, inanyooka, inakwenda, inakwenda, na kila niliyemwona akiondoka aliondoka kwa barabara hii, mume wangu Shuhrat naye, asubuhi kama hii, mwezi wa nne, Sitora ana miaka sita amemng'ang'ania mguu, mama mkwe akamwinulia mwanawe mkate, Shuhrat akauma kipande kimoja, akatafuna, akacheka, akasema una chumvi nyingi, akapanda basi, nami nikauchukua mkate ule wenye alama ya meno yake nikaufunga kitambaa safi nikautundika kwenye msumari juu ya mlango, kwa sababu anayeondoka huuma mkate na uliobaki humngoja ukutani mpaka arudi aumalize, hufanyiwa anayekwenda jeshini na anayekwenda kutafuta kazi nchi za watu, mkate unamvuta, ndivyo tunavyosema, na mimi nikaamini, ningeacha vipi kuamini, miaka miwili alipiga simu kutoka Urusi, nipo kwenye ujenzi, baridi kali, theluji mpaka magotini, halafu namba ikawa haipatikani, halafu ikawa ya mwanamke mmoja mzee aliyenitukana kwa Kirusi, mwaka wa sita shangazi akanikokota mahakamani wakaniandikia talaka, nikatia sahihi, nikarudi nyumbani, mkate uko palepale, mahakama haikuupa mkate talaka, kila mwaka nautoa nje naupiga jua ili wadudu wasiuingie naurudisha, umekuwa mgumu kama kigae, na kila lango likilia naacha sindano hewani, kila lango, hata la jirani, miaka kumi na moja… na Sitora, ambaye mwezi wa tisa anakwenda Tashkenti kusoma uuguzi, ndiye aliyemwendea shangazi akamwambia mtafutieni mama mtu, akaniambia na mimi usoni, bila haya, kanirithi mdomo, "Mama, sitaki kuondoka nikakuacha na mkate," nikamwambia nyamaza, nikamwambia baba yako yuko njiani, na nilipokuwa nasema njiani nilikuwa naiona njia fupi tu, ya kichochoro kama chetu, labda na kona mbili, kumbe njia ndiyo hii, hebu itazame, mtu akiwa juu yake hata akiwa anarudi huwezi kumwona, anakuwa hayupo kabisa…

…"na watu wanadhani kule hakuna kitu," anaendelea Nemat, nilikuwa nimempoteza, anaongea haraka nadhani ili asitazame chini, sauti yake nzuri, imekaa kisimani sana, ina mwangwi, "wanasema jangwa, jangwa, kama wanasema shimo. Kule kuna mitaa, dada, kama mitaa yenu ya hapa. Kisima ndiyo kona ya mtaa. Kutoka kisima hadi kisima ni mwendo wa siku moja wa kondoo. Si wa mtu, wa kondoo! Ukizidisha, wale wa mwisho wa kundi wanakufa," nikasema sasa kondoo wanajuaje, akasema, "Kondoo hawajui, mimi ndiye najua, ndiyo maana nalipwa," nikacheka tena, ya pili hii, Istat jiheshimu, na akaanza kunipangia huku kidevu kikisogea polepole kwenye ule mstari, "Cha kwanza ni Kisima cha Bibi Arusi, sijui arusi ya nani. Siku moja mbele kipo cha Chumvi, maji yake unawapa ngamia na wakwe usiowapenda. Siku moja tena, Kisima cha Kipofu, kile alichimba baba yangu, mita sabini, mimi nilikuwa navuta ndoo. Halafu siku mbili mbele wapo Ngamia Wawili, halafu…" na mimi natazama, na Mungu ananishuhudia, ule mstari unaanza kujaa, nilikuwa nauona mtupu, mahali panapomeza watu, sasa pana arusi, pana kipofu, pana baba anayechimba na mtoto anayevuta ndoo, mtu anaweza kuishi miaka arobaini na mbili pembeni ya kitu kikubwa kiasi hiki akadhani ni ukuta, na ninafikiri kumbe dunia ni pana hivi na iko mlangoni, na palepale katikati ya kushangaa kitu kinanikwaruza, kama pale mkono unapopita kwenye ua la dhahabu na kukuta pengo, mimi nahesabu nyuzi tangu nina miaka tisa, ukiruka mmoja naujua hata nikiwa nimefumba macho, siku moja, siku moja, siku moja, siku mbili… "Kaka Nemat," namwambia, "kondoo wako wamekufa." "Wamekufaje?" "Umesema ukizidisha siku moja wanakufa. Toka kwa Kipofu mpaka Ngamia Wawili umewatembeza siku mbili. Wamekunywa wapi?" na nilikuwa namtania, naapa nilikuwa namtania, lakini upepo unapiga, shingo yake imekuwa nyekundu kuanzia kwenye kola kwenda juu, na hanitazami, anautazama mji ambao dakika moja iliyopita alikuwa anauogopa.

"Kipo," anasema. "Zamani ilikuwa siku mbili kweli, walikuwa wanakufa. Mwaka juzi nikachimba katikati. Hakina jina bado." Basi mbona umekiruka, nasema, na nimeshajua, sijui nilijuaje. "Nimekiruka kwa sababu ya anayekitunza." Ni nani. "Mtu wa huku. Ana kovu kwenye nyusi," na anainua nyusi yake ya kushoto, mikono bado iko kwenye chuma, na nyusi ni ileile, ya kushoto, alijikwaa kwenye ngazi yetu usiku wa arusi yetu, nikamfunga kwa ncha ya shela langu… "Wewe umejuaje kama ni yeye?" "Sikujua. Kwangu alikuwa Shuhrat wa kisimani tu. Mwezi uliopita shangazi yako alipokuja kunieleza habari zako, jina, kovu, kichochoro, nikaunganisha. Ana mke, dada. Mke wa kulekule, wa wachungaji. Wana wasichana wawili. Aliwahi kufika Urusi kweli, akarudi, hakufika hapa. Nilikunywa chai kwake siku tisa wakati nachimba." Tangu lini yuko kule? "Kisima kilimkuta kule, akihamahama na wakwe zake, hema lake limechakaa. Miaka saba, minane." Na ukitoka hapa asubuhi unafika lini? Unafika lini, kaka Nemat? "Mchana," anasema. "Kwa gari zuri, mchana."

Mchana. Yaani saa ninayoanza kupika pilau. Miaka kumi na moja nimemtafuta kwenye theluji, naota theluji, mimi ambaye theluji naiona mara mbili kwa mwaka, namwona amefukiwa magotini kwenye miji nisiyoweza hata kuitamka, na yeye yuko pale, kati ya Kipofu na Ngamia Wawili, anavuta maji, anamwaga kwenye hori, kondoo wanakunywa, na usiku wa upepo wa kaskazini vumbi lake linakuja kwangu, nimelifagia, nimefagia vumbi la ua wake miaka minane… nangoja uchungu, nimejikaza kama anayengoja kung'olewa jino, na uchungu umekuja, upo, lakini ni mdogo kuliko mahali nilipouandalia, unazunguka humo ndani kama mgeni kwenye nyumba kubwa, "Aliniulizia?" naisikia sauti yangu, sikuituma, "ulipomwambia unatoka Bukhara, aliniulizia?" na Nemat angeweza kunidanganya, ningemwamini, ningemshukuru, naona anavyolipima jibu, halafu anasema, "Aliuliza kama ule mforosadi wa kwenye dimbwi bado upo. Nikamwambia upo. Basi," … basi. Aliuliza mti. Amelala na mimi miaka saba, ana mtoto ambaye mikono yake alilazimika kuibandua kutoka kwenye mguu wake mwenyewe, na ameuliza mti, na mti uleee, nauona, umechanua, haujambo, ndio uliobahatika kati yetu sote, na nacheka, kicheko hiki si kile cha kwanza, machozi yananitoka na upepo unayapeleka masikioni, na nawaza ule mkate nitautoa leo, nitauloweka kwenye beseni niwamwagie njiwa, mkate hautupwi, lakini njiwa wana haki nao kuliko yeye, wao huwa wanarudi, na Sitora… Sitora ana wadogo wawili wa kike, wana macho ya nani, hilo ndilo zito, hilo nitalibeba taratibu, si leo.

"Shangazi anajua?" Anatikisa kichwa, "Najua mimi na kondoo." Basi kwa nini hukuniambia tangu mwanzo, nasema, na sasa hasira imefika, inatafuta mtu wa karibu na wa karibu ni yeye, kwa nini umenipandisha huku unanichekesha na wakwe na ngamia wakati umeficha mume wangu mfukoni, na ananigeukia, kwa mara ya kwanza tangu tupande ananitazama usoni, uso umekuwa mweupe kwa woga wa kimo na bado ananitazama, "Ningekwambia ungesema ndiyo," anasema. "Palepale. Kwa hasira. Wangeumega mkate, na mimi ningekuwa nimeoa hasira yako kwa yule bwana. Nilishakaa na marehemu mke wangu miaka ishirini, dada, hasira naijua ilivyo chumbani. Nikasema bora anikatae akiwa hajui, kuliko anikubali kwa ajili ya yule. Ila hukuniachia nafasi. Umehesabu kondoo," na anakaza tena mkono kwenye chuma, "na huku juu sina nguvu ya kudanganya, nguvu yote ninaitumia nisianguke."

Na ile 'ndiyo' iko hapa, mdomoni, amesema kweli mtu huyu, imeruka yenyewe, ndiyo ya kwenda kusikika huko kisimani, nishuke sasa hivi, wamege mkate nusu kwa nusu, habari isafiri kwa madereva wa malori mpaka kwenye hema lake, Istat kaolewa, mforosadi haujambo na Istat kaolewa na yule aliyekuchimbia kisima, ladha yake tamu mno, naizungusha ulimini… na ile nyingine, hapana, nina mtu wangu, hiyo naitafuta siipati, mahali ilipokuwa pametupu, sina mtu, nimekuwa sina mtu miaka minane na sikuambiwa, na ninatazama tena ule mstari nikitegemea sasa utanichukiza, haunichukizi, jua limepanda kidogo na mstari umenenepa, umekuwa mkubwa zaidi, njano na juu yake weupe na juu yake buluu isiyo na mshono, na vyote hivyo havimhusu Shuhrat hata kidogo, yeye ni nukta moja kati ya nukta mbili, na wala havinihusu mimi, na hilo badala ya kuniumiza linanipanua kifua, navuta pumzi mpaka chini, pumzi ya namna hii sijaivuta tangu lini, mtu anayengoja hapumui mpaka chini, huacha kidogo juu kwa ajili ya kuita… na kule kwenye benchi shangazi kasimama, mdogo kama punje, ananipungia kitambaa, dakika ishirini zimekwisha, anataka jibu, nami ndiyo ile naishika kwa meno siitoi, si kwamba simtaki huyu, huenda namtaka, kacheza na roho yangu na hakuivunja, lakini mwenye kumjibu huyu lazima awe mimi, na mimi hata sijaonana naye vizuri, mwanamke asiye na mtu, ana umri wa dakika tano.

"Kaka Nemat," namwambia, "mkate ule dada yako aurudishe nyumbani, muule na chai. Uje Alhamisi. Uje peke yako, ubishe hodi, uniulize upya." Anafikiri, "Nikuulize nini, lilelile?" Lilelile, nasema, ila uniulize mimi, leo ulikuwa unamuuliza mke wa mtu. Anaitikia kwa kichwa, taratibu, kama anayepokea kipimo cha kina, na hajatabasamu na sikutaka atabasamu, upepo umegeuka, unakuja na harufu ya mkate kutoka kwenye matanuri ya soko, chini kule shangazi anapunga kwa mikono miwili sasa, na Nemat anasema kwa unyenyekevu kabisa, "Basi tushuke, dada, wanatungoja," na mimi siondoi macho kwenye ile njano inayozidi kupanda, nasema bado, kaka Nemat, ngoja kidogo, mimi ndiyo kwanza nimefika…